Blanketi la Punda

Shikamoo yangu Mwalimu aliipokea baada ya kukagua pindo. Alipanda kibarazani kwangu kila Ijumaa, akaweka kikapu chini, akachukua nguo iliyokuwa karibu zaidi na cherehani, akaigeuza ndani nje na kupitisha ukucha wa kidole gumba juu ya mshono mpaka mwisho. Wakati huo mimi nilikuwa nimeshamwamkia, mteja wangu naye amemwamkia, na sote wawili tulingoja kama watu walioitwa ofisini bila kuambiwa kosa. Ndipo aliporudisha nguo mezani na kusema, "Marahaba. Huyu utamvalisha hivi hivi?"

Mpangilio huo ulidumu miaka yote niliyomjua, isipokuwa Ijumaa moja ambayo marahaba yangu haikuja kabisa. Nitaieleza kwa zamu yake.

Alikuwa mwalimu mstaafu wa sayansikimu. Hapa kijijini Daudi tulikuwa na walimu wengi, lakini wengine wote walihitaji majina ili wajulikane. Ukisema Mwalimu peke yake, kila mtu alijua ni nani, na baadhi ya kina mama wenye wajukuu walikaa vizuri kwenye kiti. Alihamishiwa huku akiwa msichana, akafundisha, akaolewa, akafiwa, akastaafu, akajenga, na bado alisema "huku kwenu". Huku kwenu baridi haina adabu. Huku kwenu mtu anaalikwa saa nne na anakuja saa nane akiwa ameshiba. Nilimkumbusha siku moja kwamba amekaa huku kwetu kuliko mimi mwenyewe, maana mimi nilipotea Babati miaka kadhaa. Akaniambia kuwa kukaa na kuzoea ni vitu viwili, na kwamba kola niliyokuwa nashona imepinda.

Ilikuwa imepinda. Ushonaji nilijifunza kwa kufumua makoti ya mtumba na kuyarudisha yalivyokuwa, kwa hiyo nilijua namna nguo inavyosimama, lakini sikuwahi kupita mikononi mwa mtu wa kunisahihisha. Mwalimu aliamua, bila kuombwa na bila kunihurumia, kwamba mtu huyo ni yeye.

Alichofuata kwangu hasa kilikuwa mabaki. Fundi anapokata gauni, vipande vinavyobaki huvitumia kuwashia jiko au kujazia mto. Mwalimu alivitaka vyote, hata vile vya upana wa vidole viwili, na alivitumia kushona mablanketi. Juu aliunga vipande, katikati alitia sweta kuukuu zilizofumuliwa na kutandazwa, chini akaweka shuka. Kisha alishona kwa mkono kupitia tabaka zote tatu, mishono midogo kama punje za ulezi, ili kitu kizima kishikamane. Watu waliyaita mablanketi ya viraka. Yeye neno kiraka hakulipenda. Kiraka, alisema, ni cha mtu aliyechanika.

Si kila kitambaa kiliingia katika kazi yake. Alitaka mabaki ya sare tu, yaani vitenge ambavyo watu hushona vinavyofanana kwa ajili ya harusi, kwaya au msiba. Hivyo blanketi lake moja lilikuwa na harusi za kata nzima, na mtu aliyelifahamu angeweza kulisoma. Hiki ni kipaimara cha watoto wa Maretadu, hiki ni kwaya ya Krismasi, hiki ni mazishi ya mzee wa mashine ya kusaga. Na hapo ndipo ubaya wake ulipojificha. Familia mbili zikigombana kuhusu mpaka wa shamba, yeye alitafuta mabaki ya sare zao na kuyaunganisha ubavu kwa ubavu.

"Watalala pamoja," alisema, "wapende wasipende."

Umbea aliuchukia. Alisema hivyo kila Ijumaa, kabla ya kuniuliza ni nani ameshona sare na ni nani hakushirikishwa.

Darasani alikuwa na sentensi moja ambayo wanafunzi wake wote, waliofaulu na walioshindwa, waliondoka nayo. Msichana akichelewa na kazi, akasema, "Mwalimu, leo sijisikii," Mwalimu alimwita mbele, akangoja darasa linyamaze, akasema, "Sijakuuliza unajisikiaje. Nimekuuliza pindo liko wapi." Sentensi hiyo ilivuka ukuta wa shule. Wanaume waliwaambia ng'ombe wa kulimia. Mwenyekiti wa kijiji aliitumia mkutanoni juu ya mchango wa barabara. Sijui mtu mwingine wa hapa aliyesema jambo likatumika kwa ng'ombe na kwa serikali.

Sentensi yake ya pili haikuwa na umaarufu huo, lakini inahusika zaidi hapa. Alipowafundisha kushona vitu vya nyumbani, aliwaambia kwamba blanketi linalokaa kabatini ni kitambaa tu. Halijawa blanketi mpaka limfunike kiumbe. Naweka wazi kuwa neno alilotumia ni hilo, kiumbe. Nimeulizia kwa zaidi ya mtu mmoja.

Kila mwanafunzi wake wa zamani alipojifungua, Mwalimu alimshonea mtoto blanketi dogo na kulipeleka mwenyewe, kwa miguu, hata kama ni nyumba ya bondeni na njia ni tope. Hakutuma mtu. Aliingia, akamfunika mtoto, akakosoa uji, akaondoka. Ikawa desturi kiasi kwamba watu walihesabu ziara yake pamoja na ubatizo. Mtoto ambaye blanketi lake halijafika alisemwa hajatambuliwa.

Sasa nifike kwa punda.

Mwanawe wa kiume alioa Bashay na kuhamia huko kulima vitunguu swaumu. Binti aliyemwoa alikuwa amefundishwa na Mwalimu mwenyewe, na alikuwa mmoja wa wachache ambao mapindo yao hayakufumuliwa mbele ya darasa. Kwa harusi hiyo Mwalimu alishona blanketi kubwa kuliko yote. Kwa miezi mingi alikataa mabaki yangu mengine, akachagua vipande kama mtu anayechagua mbegu. Blanketi lilipotandazwa ukumbini, mgeni mmoja kutoka Katesh aliuliza bei. Mwalimu alimtazama mpaka akaondoka kwenda kutafuta soda.

Haikupita muda mrefu akaenda Bashay kuwatembelea bila kuwaarifu, kwa sababu aliamini kuwa mtu akiarifiwa hufagia. Aliposhuka kwenye gari alimwona mkwe wake akipanda mteremko na punda. Punda alikuwa amebeba magunia mawili ya vitunguu. Chini ya magunia, juu ya mgongo, kwa jasho na vumbi na mkanda uliokazwa tumboni, kulikuwa na blanketi la harusi.

Mwalimu hakumwita. Alivuka barabara na kupanda gari la kurudi.

Ijumaa iliyofuata alikagua pindo, akapokea shikamoo, kisha akakaa. Hakuwa na kawaida ya kukaa.

"Fundi," akasema, "nimemwona punda amevaa kwaya ya Krismasi."

Nilicheka. Ilinichukua muda kuona kwamba nacheka peke yangu.

Hapa ni lazima nieleze jambo ambalo wenyeji hawahitaji kuelezwa. Kwetu nyumba isiyo na punda humbebesha mama mizigo yote mgongoni. Punda ndiye anayeleta maji, ndiye anayepeleka mahindi mashineni, na akipata kidonda mgongoni, mzigo wake wote unahamia kwa mwanamke. Mtu akitoa kitu kizuri akamtandikia punda, hajakidharau kitu hicho. Amekiweka mahali pa maana. Mwalimu alikuwa amekaa huku miaka yote hiyo, alijua ni nani hakualikwa kwenye sare ya nani, na jambo hilo hakulijua. Wala hakumuuliza mtu, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuuliza maswali ambayo majibu yake anayo.

Akaacha kushona.

Mwanzoni alisema ni mikono. Baadaye ikawa macho. Mwisho akatulia kwenye neno moja, ari. "Ari imeondoka, fundi." Alilisema kama mtu aliyepotelewa na ng'ombe, kwamba yuko mahali fulani anakula majani ya watu, na siku moja atapigiwa simu akamchukue.

Mara ya kwanza aliposema kibarazani kwangu kwamba siku hizi hajisikii kushona, wanawake wawili waliokuwa wakingoja magauni yao walitazamana, kisha wakatazama viatu. Wote wawili walikuwa wamewahi kusimamishwa mbele ya darasa. Hakuna aliyethubutu. Nilisukuma cherehani kwa nguvu ili kuwe na sauti.

Jitihada alizofanya kuirudisha ari hiyo zingetosha kushona mablanketi ya zahanati nzima. Alianza kwa kupanga mabaki. Aliyapanga kwa rangi katika ndoo za plastiki, nyekundu huku, kijani kule, akagundua kuwa kitenge kina rangi tano, akayamwaga na kuyapanga kwa ukubwa. Alisafiri mpaka Arusha kununua uzi, akarudi na uzi, mkasi mpya, na taa ya kubana mezani ambayo aliiwasha na kuizima ili kuona kama inawaka. Alihamisha meza dirishani. Jua likamchoma, akairudisha. Alikwenda Katesh kwa rafiki yake kubadilisha mazingira, akautazama Mlima Hanang wiki nzima kutoka upande wa pili, na alichorudi nacho kilikuwa mafua.

Nesi wa zahanati aliingia katika jitihada hizo kwa maslahi yake. Alikuwa kijana kutoka Lindi, aliyepangiwa kazi huku na kufika mwezi wa sita akiwa na kandambili. Alivaa sweta mbili juu ya sare ya kazi na bado alitetemeka akichoma sindano, jambo ambalo wagonjwa hawakulipenda. Alilitaka blanketi la Mwalimu kuliko alivyotaka uhamisho. Ndiye aliyemfundisha kutazama video kwenye simu. Walikaa jioni wakiwatazama wanawake wa Ulaya wakishona mablanketi ya namna ile, katika vyumba vikubwa kuliko darasa, vitambaa vimekunjwa kwenye rafu kama vitabu.

"Mwalimu wangu, umeona?" nesi alisema. "Hebu nishonee hata mie, japo la miguu tu. Miguu siisikii tangu nimeshuka kwenye basi."

"Nangoja ari, mwanangu."

"Ikija na mie nimeshaganda je?"

Mwalimu akamwomba aongeze sauti ya simu.

Katekista alimwombea. Alimwombea nyumbani, akamwombea kanisani bila kumtaja jina, akisema tu kuna mama mmoja ambaye mikono yake imelala, na kanisa zima likageuka kumtazama. Kikundi cha kina mama nacho kilimwalika azungumze juu ya namna ya kurudisha ari ya kazi, maana ndiye mtu waliyemjua aliyelitafiti zaidi jambo hilo. Alizungumza vizuri sana. Alisema mtu aanze na hatua ndogo, asijilinganishe na wengine, atenge muda. Wanawake waliandika. Mmoja wao alikwenda nyumbani, akamaliza kufuma kitambaa cha meza kilichokuwa kimelala tangu uchumba wake. Mwalimu alikwenda nyumbani akapanga ndoo.

Na mabaki aliendelea kuyachukua. Kila Ijumaa aliondoka na kikapu kimejaa. Chumba cha wageni kikajaa magunia ya sare. Nilimuuliza anayapeleka wapi mtu asiyeshona. Akaniambia mkulima hatupi mbegu kwa sababu ya mwaka mmoja mbaya. Nikamwambia mkulima huyo hupanda. Wiki ile hakukagua nguo moja, alikagua zote.

Katika kipindi hicho watoto walizaliwa bila mablanketi, na hilo likaleta vurugu ndogo ndogo. Nyumba moja mtoto wa kwanza alikuwa nalo, wa pili hana, na wa kwanza alishajua kumwambia wa pili. Watu walivumilia. Lakini mkwe wa Bashay alipojifungua binti, uvumilivu ukawa mazungumzo. Huyo alikuwa mjukuu wa Mwalimu mwenyewe. Miezi ikapita. Mtoto akaanza kucheka, akaanza kukaa, na bibi yake hakuwa amekanyaga Bashay. Asingeweza kwenda mikono mitupu, kwa sababu mlangoni pale wote wangetazama mikono kwanza. Na asingeweza kushona, kwa sababu kila alipotandaza vipande alimwona punda. Hayo aliniambia mwenyewe, na ndiyo mara pekee niliyomwona akikosa la kukosoa. Nesi alimwambia waziwazi kwamba mtoto akishatembea, ataletwa kwa bibi yake na watu wengine, na atamwamkia kama jirani.

Mkwe wake ndiye aliyekuja Daudi. Alikuja katikati ya wiki, akaacha kwangu mfuko, akasema ataufuata Ijumaa akitoka kliniki. Ndani ya mfuko kulikuwa na blanketi la harusi. Mkanda wa punda ulikuwa umelikata katikati kwa urefu wa mkono, na pembe moja ilikuwa imeliwa na kitu chenye meno. Lilinuka ipasavyo.

Nililitengeneza. Nilichukua kaki ya kaptula za shule, kwa sababu ndicho kitambaa kigumu kilichokuwepo, nikakata vipande viwili vya mraba, nikaweka kimoja katikati na kingine kwenye pembe, nikapiga mshono maradufu kuzunguka na msalaba katikati ili kisicheze. Kazi ya namna hiyo haitoki. Ningeifanya hivyo hivyo leo.

Ijumaa Mwalimu alipanda kibarazani. Katekista alikuwa mbele yangu, mikono juu, nampima kiuno. Tukamwamkia. Mwalimu akanyoosha mkono kuchukua nguo iliyokuwa karibu zaidi na cherehani.

Alilifahamu blanketi lake kabla ya kuligeuza. Hata hivyo aliligeuza kama kawaida na kupitisha ukucha. Ukucha ukafika kwenye kaki ukasimama.

"Nani ameweka hii?"

"Mimi, Mwalimu."

"Kwa nini?"

"Ndicho kitambaa kigumu nilichokuwa nacho."

"Nimekuuliza ugumu?"

Katekista alikuwa bado ameinua mikono.

"Kipaimara cha Maretadu umekifunika na kaptula," Mwalimu akasema. "Fundi, umewahi kuona mtu mzima anayefanya hivi kwa makusudi? Nipe wembe."

Nikampa wembe. Alikaa kwenye benchi la wateja, akalitandaza gotini, akaanza kufumua mshono wangu uzi baada ya uzi, na kila uzi alioutoa aliuinua juu, akautazama kwenye mwanga na kuuita jina ambalo sitaliandika. Kaki ya katikati ilipotoka, alifungua kikapu kilichokuwa kimejaa mabaki ya wiki, akachambua, akapata kijani iliyokubaliana na ile iliyokatika. Akaomba sindano. Hakuweza kupitisha uzi mara ya kwanza, wala ya pili.

"Bwana asifiwe," katekista akasema kwa sauti ndogo. "Ameshika sindano. Lete nikusaidie uzi, Mwalimu."

"Umeniombea inatosha. Shusha mikono."

Uzi ukapita. Alikuwa ameshashona upana wa kiganja mkwe wake alipofika, mtoto mgongoni, amefunikwa blanketi la dukani lenye picha ya chui. Mkwe aliona mama mkwe wake, akaona blanketi, na kwa sekunde moja nilifikiri na yeye atavuka barabara.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakuinua macho. "Nimeona ulichomletea fundi."

"Ndiyo, mama."

"Nililishona la harusi."

"Ndiyo, mama. Punda alikuwa na kidonda mgongoni. Tulijaribu magunia yakamchubua, tukajaribu la dukani likateleza. Hili halikuteleza. Kidonda kimefunga."

"Nililishona lenu. Si la punda."

"Punda ni wetu, mama."

Katekista akakohoa. Mwalimu alivuta uzi mpaka mwisho kabla ya kujibu.

"Ungeniambia."

"Ungefika ningekuambia. Ulitufundisha mwenyewe kwamba halijawa blanketi mpaka limfunike kiumbe. Nikafikiri ukisikia utafurahi. Nikangoja uje unicheke. Mtoto ameanza kukaa sasa, mama. Watu wananiuliza."

"Nimekuwa sijisikii," Mwalimu akasema.

Mkwe wake akainua uso. "Mama, sijakuuliza…" akasema, na hapo akaishia. Alikuwa amelelewa vizuri. Lakini sote pale kibarazani tulijua kilichobaki, na sentensi ilijimalizia yenyewe bila mtu kuisema, kama wimbo ambao kwaya imeacha katikati. Mwalimu naye aliisikia. Niliona mdomo wake ukitikisika kidogo kwenye neno pindo.

Alishona mishono kadhaa. Kisha akasema, "Mtoe huyo chui. Nimwone."

Mtoto akashushwa, akawekwa kwenye benchi, akaanza kula mwisho wa uzi. Mwalimu alimpima kwa shibiri juu ya blanketi, kichwa mpaka miguu, bila kutabasamu, kama anavyopimwa mteja msumbufu.

"Kwanza likafuliwe," akasema. "Atanuka punda."

"Nani, mama?"

"Huyu. Nikimfunika na hili kabla ya kufuliwa."

Nililotaka kusema juu ya siku hiyo ni kwamba mimi sikufanya hila yoyote. Baadaye ilienea hapa kwamba fundi aliweka kaki kusudi ili kumchokoza, na katekista ameitumia habari hiyo katika mahubiri, mimi nikiwa chombo. Naikanusha. Nilikuwa nashona haraka kwa sababu umeme ulikuwa unakatika jioni hizo, na pasi yangu ni ya umeme.

Wiki iliyofuata, baada ya ukaguzi na marahaba, nilimuuliza kama ari imerudi.

"Ari gani?" akasema. "Nilikuwa na hasira."

Alikwenda Bashay na blanketi la harusi, kwa gari mpaka barabarani na kwa miguu mpaka mlangoni. Baada ya hapo alianza kuwafuata watoto waliorukwa, mmoja mmoja. Nesi alipata lake, refu mpaka kidevuni, na wagonjwa wakapata sindano zilizonyooka. Kikundi cha kina mama kilimwalika tena azungumze juu ya ari. Nilikaa nyuma. Alisema mtu atafute mwanga mzuri, apange vifaa vyake, atenge muda. Wakaandika. Hasira hakuitaja, na punda hakumtaja.

Mara ya mwisho nilimwona Bashay. Alikuwa amehamia kwa mwanawe kwa sababu ya magoti, na Ijumaa zangu zilikuwa zimebaki na wateja tu. Nilikuwa nimepeleka sare za shule, nikapita kumsalimia. Uani vitunguu swaumu vilikuwa vimetandazwa kukauka. Yeye alikuwa amesimama ubavuni mwa punda, akimjaribishia mgongoni tandiko jipya, nene, la vipande vya sare, limeshonwa kwa mkono tabaka zote tatu.

"Simama wima," alikuwa akimwambia, kwa ile sauti ya darasani. Punda alisimama wima.

"Shikamoo, Mwalimu."

Alisogea, akashika ncha ya koti langu, akaigeuza, akapitisha ukucha.

"Marahaba," akasema. "Bado unaharakisha kwenye kona."

Nilitazama tandiko. Niliziona humo, ubavu kwa ubavu, familia mbili za mpaka wa shamba, sasa zikisubiri kubeba magunia pamoja. Nikamwambia ni kazi nzuri kwa punda. Akaniambia punda hakuwahi kusema ni mbaya.

Mjukuu wake akatoka ndani akikimbia, anaburuta blanketi la harusi juu ya maganda ya vitunguu. Lilikuwa limefuliwa mpaka rangi zimepungua. Bibi yake hakumkemea. Lilipopita karibu nami niliona pembe, nikainama nikaishika. Kaki yangu ilikuwa pale. Ile ya katikati aliifumua mbele yangu, lakini hii ya pembeni hakuigusa, maradufu kuzunguka na msalaba katikati.

"Umekiacha hiki," nikasema.

"Nimekiacha."

"Kwa sababu ni imara?"

"Kwa sababu ni kibaya," Mwalimu akasema. "Kuna asubuhi naamka sitaki kushona. Nakitazama hicho, nainuka."

Akamgeukia punda wake. Mtoto alikuwa akivuta blanketi lake, lakini sikuliachia mara moja. Nilipitisha ukucha wa kidole gumba juu ya mshono, mpaka mwisho. Hakuna uzi uliokuwa umelegea.